Shina la milimita sita

Nilipoingia duka la kwanza, karibu na soko kuu hapa Tabora, nikasema naomba rauta, kijana aliinama chini ya kaunta akaibuka na kile kiboksi cheupe cha intaneti chenye antena mbili. Nikamwambia siyo hiyo, nataka ya mbao. Akanitazama, akautazama mkoba wangu, akauliza: "Ahaa, ya seremala. Mumeo anatumia ya ukubwa gani, dada?"

Sina mume seremala. Nilichonacho ni mbao tatu za mninga, moja kwa kumi, futi kumi na mbili kila moja, ambazo baba alizipandisha juu ya dari la nyumba yetu kule Ipuli mwaka 2006 akasema zikae. Hakusema zikae mpaka lini. Yeye ndiye aliyekuwa seremala. Alipofariki, yakagawanywa yaliyogawanyika: sanduku la vifaa, lenye randa, misumeno na patasi zote, likachukuliwa na kaka yangu, akaondoka nalo kwenda Nzega. Mimi nilikuwa nimelitaka lile sanduku. Nililitaka kwa kimya, maana katika kile kikao hakuna mtu aliyefikiri kumuuliza binti mwandishi wa habari kama anahitaji patasi, nami sikusema. Baadaye nikasema, tena vibaya. Tangu hapo mimi na kaka tunaonana misibani tu. Mbao zilibaki darini kwa sababu hakuna aliyezikumbuka.

Mwaka jana nikazishusha. Zilikuwa na vumbi la kidole kizima na mavi ya mijusi, lakini zimenyooka kama zilivyopanda. Hiyo ndiyo sifa ya mninga: ukikauka sawasawa hauchezi, haujikunji, haupasuki ovyo. Watu wa huku tunaujua mti huu tangu utoto, ule wenye matunda ya duara yenye bawa kuzunguka pembeni na miiba katikati, ukiukata unatoa utomvu mwekundu mpaka mtoto anaogopa kwamba mti unavuja damu. Sasa hivi mbao ya mninga ya upana wa inchi kumi siyo kitu cha kwenda kununua Jumamosi asubuhi. Nilikuwa na tatu. Sikuwa na ya nne.

Nilitaka shelfu la vitabu. Mtu anayesoma blogu hii atanielewa: vitabu vyangu vimeishi miaka kumi na miwili katika maboksi ya sabuni, na kila ninapotaka kitabu nabomoa ukuta mzima. Pembeni mbili za futi tano, rafu tano za futi tatu. Piga hesabu, futi ishirini na tano. Ninazo thelathini na sita. Niliona kama nina nafasi ya kukosea. (Kumbuka hiyo hesabu.)

Sasa, kwa nini rauta. Rafu ikipigiliwa misumari tu pembeni, baada ya mwaka vitabu vinaibonyeza na msumari unalegea. Inabidi uchimbe mfereji kwenye ubao wa pembeni, rafu iingie ndani yake na kukalia mbao yenyewe. Baba alikuwa anachimba mifereji hiyo kwa msumeno na patasi, mmoja mmoja, akiwa na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Mimi sikuwa na patasi wala mkono wa baba. Nilikuwa na mshahara na simu yenye YouTube. Rauta ni mota inayosimama wima, chini yake kuna biti inayozunguka, na biti hiyo inachimba mfereji, inaviringa kingo, inapiga nakshi, kutegemea umefunga biti ya umbo gani. Kwenye simu ilionekana kama kukata siagi.

Nilisoma usiku wiki mbili nzima, na nikafanya kosa ambalo nadhani wanaoanza wengi hulifanya. Nilichagua rauta kama mtu anayechagua gari: nilitazama nguvu. Kuna zile ndogo za kushika mkono mmoja, wati mia tano, mia sita, mia saba hivi. Kuna kubwa zenye mishikio miwili na springi, unazizamisha kwenye mbao na kuzipandisha, wati elfu moja mia mbili mpaka elfu mbili na zaidi. Nikajiambia, mninga ni mbao ngumu, na mimi sitaki kununua mara mbili. Basi nikanunua kubwa. Wati 1,850, kilo karibu sita, laki tatu na nusu. Yule kijana wa kaunta alinisaidia kuibeba mpaka kwenye bajaji, tena kwa heshima mpya kabisa.

Biti nilinunua mwishoni, kama mtu anayekumbuka kununua chumvi. Kisanduku cha biti kumi na tano, zimepakwa rangi nyekundu, elfu arobaini. Mashine ilikuja na koleti mbili. Koleti ni ile pete ya chuma inayobana shina la biti ili lisitoke, na moja ilikuwa ya nusu inchi, nyingine ya robo inchi. Kwenye kisanduku cha biti paliandikwa milimita 6. Nikauliza kama zinaingia. Muuzaji akachukua moja, akaichomeka, ikaingia. "Inaingia vizuri tu. Robo inchi na milimita sita ni mamoja."

Siyo mamoja. Robo inchi ni milimita 6.35. Hizo sifuri nukta tatu tano, unene wa karatasi chache zilizobebana, ndizo habari nzima ya makala hii.

Ilikuwa Jumapili mchana, uani. Nililaza ubao wa kwanza juu ya meza mbili, nikaubana kwa klempu, nikafunga ubao mwingine mnyoofu wa kuongozea mashine. Nilipima mara tatu. Nilikuwa nimesoma kwamba mfereji wa kina cha milimita 8 hauchimbwi kwa mpigo mmoja, unachimba tatu, halafu tatu, halafu mbili. Kwa hiyo nikapanga milimita 3. Nikawasha. Mlio wa kitu kile sikuutarajia. Kuku wa jirani walikimbia na mimi nusura niwafuate.

Mfereji wa kwanza ulianza vizuri. Unga mwekundu ukawa unaruka, ile harufu ya mninga ikapanda, harufu ya kazini kwa baba, na nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa nilikuwa na furaha ya kijinga. Kisha mlio ukabadilika. Ukawa mzito. Nikadhani mbao imekuwa ngumu, nikasukuma zaidi. Moshi. Nikaendelea kusukuma, maana nilikuwa nimesoma kwamba ukisimama katikati biti inaunguza. Nilipofika mwisho na kuzima, nikapuliza unga na kutazama. Mfereji ulianza na kina cha milimita 3 ukaishia na kina cha zaidi ya 15. Biti ilikuwa inateleza kutoka kwenye koleti, kidogo kidogo, ikizama kama inavyotaka, na mimi juu yake nikiisukuma. Mwisho wa mfereji ulikuwa mweusi. Upande wa pili wa ubao ulikuwa na ufa mwembamba.

Nilikaa chini pale uani. Sikulia, lakini nilimwambia baba samahani kwa sauti, peke yangu.

Kesho yake nikaenda Isevya kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba. Nilibeba mashine, kisanduku cha biti, na kipande cha ubao kilichoungua. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani, za mama, za kazi, za mvua. Wazee wa huku hawakimbilii jambo. Kisha akakichukua kile kipande, akakinusa kwanza kabla ya kukitazama.

"Hii ni ya marehemu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akachukua kipimo chake, ile vernia, akabana shina la biti. Sita kamili. Akaniwekea biti ile kwenye koleti bila kukaza, akaitikisa kwa kidole, ikachezacheza. "Unaona hewa hii, mwanangu? Hewa hii ndiyo iliyokula mbao ya baba yako. Ukikaza, pete inashika sehemu mbili tatu tu, haishiki shina zima. Mashine ikipata moto, inaachia." Akanionyesha na kosa la pili: nilikuwa nimeichomeka biti mpaka ikagota chini kabisa. Inatakiwa iingie, kiasi cha milimita ishirini angalau ziwe ndani, halafu uirudishe juu milimita mbili au tatu ndipo ukaze, vinginevyo unadhani umekaza kumbe shina limekalia chini tu na pete haijabana sawasawa.

Nikamuuliza, basi mzee, ningenunua mashine ipi? Hakujibu. Akauliza, "Unatengeneza nini?" Nikamweleza shelfu. Akafikiri, akasema: "Basi huhitaji mashine bado. Unahitaji biti mbili. Ukishazipata hizo mbili, utafute mashine inayozishika."

Biti mbili zenyewe ni hizi. Moja nyoofu, ya milimita 12, kwa ajili ya mifereji. Rafu yangu baada ya randa ilikuwa na unene wa milimita 20, kwa hiyo unapita mara mbili, ukisogeza ubao wa kuongozea. Ya pili ni ya kuviringa kingo, yenye beringi ndogo mwishoni. Beringi inatembea juu ya ukingo wa mbao na kuizuia biti isile zaidi ya inavyopaswa, hata mkono wa mgeni kama wangu haupotei. Zote mbili ziwe na makali ya kabaidi. Yale ya chuma cha kawaida yananoleka kirahisi na mwanzoni ni makali kweli, lakini kwa mbao ngumu yanapoteza ukali haraka, na biti butu haikati, inasugua. Ukiisukuma polepole inaunguza, ukiisukuma kwa nguvu inarusha. Mzee alikitazama kisanduku changu cha biti kumi na tano akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Kumi na tatu kati ya zile, alisema, nitazitumia kuwaonyesha wageni.

Kwa wati, akasema, zile za mia saba zinatosha kabisa mfereji wa biti ya milimita 12, mradi usiwe na papara. Nguvu kubwa inahitajika biti ikiwa kubwa. Na biti ikiwa kubwa kuna jambo jingine ambalo nilikuja kulipigia hesabu mwenyewe nyumbani: biti yenye upana wa milimita 50 ikizungushwa mara 24,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Ndiyo maana biti kubwa hupunguziwa mwendo, na ndiyo maana mashine isiyo na swichi ya kupunguza mwendo haifungwi biti kubwa hata ikiwa na nguvu za trekta. Yangu ilikuwa na swichi hiyo. Sikuwa nimeigusa, wala sikujua ni ya nini.

Sisemi kwamba mashine kubwa ni mbaya. Shina la nusu inchi ni nene, halitetemeki, na mtu wa kutengeneza milango anaihitaji. Lakini hapa Tabora biti za nusu inchi nilizitafuta duka kwa duka nikaambulia moja, imeota kutu. Kununua mashine ambayo biti zake ziko Kariakoo ni sawa na kununua bunduki mjini na risasi pwani. Niliiuza kwa fundi milango mmoja wa Kiloleni kwa laki mbili na nusu. Hasara ya laki nzima, naiandika hapa ili nisije nikaificha.

Mashine ndogo yenye koleti ya robo inchi niliipata hapahapa. Biti mbili za shina la robo inchi kamili ilibidi zitoke Dar. Binamu yangu alizinunua Kariakoo, akazipima kwa vernia kama nilivyomwagiza (muuzaji alimwona kichaa), akazikabidhi kwenye basi. Zikapita Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi. Nilipokuwa nalalamika kwamba siku ya pili imepita na mzigo haujafika, nikakumbuka ninaishi wapi. Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, ikiwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Kila shanga na kila kipande cha shaba kilipanda huku juu ya bega la mtu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi. Na Livingstone alikaa Kwihara tangu Stanley alipomwacha hapo tarehe 14 Machi 1872 mpaka tarehe 25 Agosti, miezi mitano, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mimi nilikuwa nasubiri biti mbili ndani ya bahasha.

Jumamosi hiyo ya kusubiri nikaenda Kwihara. Ni kilomita chache tu nje ya mji, nimepeleka wageni pale mara nyingi na kuwasimulia habari za Livingstone mpaka nimezichoka. Safari hii sikuingia ndani kwanza. Nilisimama mlangoni. Tembe lile lina mlango wa nakshi za pwani, na mimi, kwa ujinga wa mtu mwenye kifaa kipya, nikaanza kuutazama nikijiuliza: hapa ningetumia biti gani? Hapa ya umbo la V. Hapa ya duara. Hapa... Nikakwama. Kulikuwa na pembe za ndani, kali, zinazokutana kama kona ya karatasi.

Biti ni kitu cha duara. Inazunguka. Hata ukinunua ya bei gani, na mota ya wati ngapi, kila kona ya ndani inayoacha ni ya mviringo, kwa sababu duara haliingii kwenye kona ya mraba. Waliochonga milango ya namna ile hawakuwa na mota, walikuwa na patasi na nyundo ya mti, na patasi inaingia kwenye kona hadi mwisho. Nilisimama pale nikihesabu kona. Kisha nikakumbuka kwamba shelfu langu lina kona ishirini na nafsi yangu ikanywea.

Nieleze. Mfereji ukiuchimba toka ukingo wa nyuma wa ubao mpaka wa mbele, ukitazama shelfu kwa mbele unaona mwisho wa kila mfereji, kama jino lililong'oka. Baba hakupenda hivyo. Aliusimamisha mfereji kabla ya kufika mbele, inchi moja hivi, ili kwa mbele uone ukingo safi tu. Mimi nilitaka kufanya hivyo hivyo. Lakini rauta ikisimama kabla ya mwisho inaacha ncha mbili za mviringo, na rafu ina kona za mraba. Lazima mtu azichonge kwa patasi. Pembeni mbili, rafu tano, mifereji kumi.

Biti zilifika Jumatatu. Nilichimba mifereji jioni tatu mfululizo, nikiwa nimefunga kitambaa puani na miwani ya plastiki, maana unga wa mninga unawasha kifua na wengine unawaletea pumu kabisa. Milimita tatu, tatu, mbili. Biti haikuteleza hata kidogo. Nilikuwa nimeweka alama ya kalamu kwenye shina na kila baada ya mpito naikagua. Umeme ulikatika mara moja nikiwa katikati, nikafanya jambo la akili la kwanza katika kazi hii yote: nilizima swichi na kuchomoa waya kabla hata ya kulalamika. Mashine iliyoachwa imewashwa hukumbuka ilichokuwa inafanya umeme ukirudi, hata kama mtoto wa jirani ndiye aliyesimama karibu nayo. Kingo za mbele nazo niliziviringa, nikitoka kushoto kwenda kulia kama mzee alivyonielekeza, dhidi ya mzunguko wa biti. Nilijaribu upande mwingine kwenye kipande cha kutupa, nikaona: mashine inakuvuta na kukimbia nayo kama mbuzi aliyekata kamba.

Ubao ulioungua nilikata sehemu ile mbovu. Hesabu yangu ya futi ishirini na tano kati ya thelathini na sita ikafaa kwa shida, nikabakiwa na kipande cha futi mbili na chembe. Rafu ya chini kabisa ina alama nyeusi kwa chini, ambako hakuna anayetazama isipokuwa mimi nikifagia.

Zikabaki zile kona. Ningeweza kununua patasi dukani. Zipo, elfu nane. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kisha nikampigia kaka Nzega. Alipokea kwa sauti ile ya mtu anayetegemea kuambiwa nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki. Nikamwambia natengeneza shelfu kwa zile mbao za darini, nimechimba mifereji kwa mashine, imebaki kunyoosha kona, na naomba aniazime patasi ya baba.

Kimya. Nilisikia redio kwake, mpira.

"Zile mbao za 2006?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani zimeibwa." Kimya tena. "Mfereji wako una upana gani?"

"Milimita ishirini."

"Ya robo tatu itakubana. Nakupa ya nusu inchi."

Ilikuja na basi la asubuhi, imefungwa kwenye gazeti na mpira wa tairi la baiskeli. Ilikuwa butu kabisa, na mgongo wake una kutu. Mzee wa Isevya ameniazima jiwe, na kila jioni nikitoka kazini nanoa dakika ishirini, nikiijaribu kwenye kile kipande cha futi mbili kilichobaki. Leo imeanza kukata.